Ufunguo wa mlango wa nyuma anao nani?

Na Mwandishi wa Kujitegemea

NDUGU msomaji, kijana wa mjini huitwa kwenye shughuli za wakubwa kwa mambo mawili tu. Ama kubeba viti, ama kujaza viti. La tatu halipo.

Ukiitwa kubeba, unaambiwa ni "kujitolea". Ukiitwa kujaza, unaambiwa ni "kuhamasika". Jioni wote mnaondoka na fulana moja, chupa ya maji na nauli isiyofika Gongo la Mboto. Kesho yake mgeni rasmi yuko gazetini anatabasamu, na wewe uko kijiweni unahadithia ulivyomwona kwa karibu.

Leo sitaki tulie juu ya nauli. Nataka tuzungumze juu ya roho zetu. Maana hizi taasisi za hisani, hizi zinazoitwa "Fandesheni" ya fulani na fulani, zinakusanya watu kwenye kumbi kila wiki katika miji yetu. Zinakusanya yatima, wajane, wanafunzi, wazee na sisi vijana. Na katika nyingi ya shughuli hizo hakuna mtu hata mmoja anayeweza kujibu swali dogo nililoliweka juu ya makala haya.

Nitakwambia lilikonitokea swali hilo.

Siku nilipolinda kufuli

Mwaka 2023 niliitwa na mshkaji wangu mmoja. Taasisi moja ya hisani hapa Dar es Salaam ilikuwa na hafla ya kuchangisha fedha. Sitaitaja jina, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Tulikuwa vijana 14. Tulifika ukumbini saa 10 alfajiri. Hakuna barua, hakuna mkataba, hakuna aliyeandika majina yetu popote. Tuliambiwa: "Vijana, leo ni siku ya Mungu, tujitolee."

Tukajitolea. Tulipanga viti 400 vya plastiki. Tukavuta nyaya za vipaza sauti katikati ya njia, tukazifunika kwa zulia jekundu. Tukabeba majiko, masufuria, kreti za soda na kochi la mgeni rasmi. Saa 4 asubuhi watu wakaanza kuingia. Viti ni 400, lakini kadi zilizochapishwa zilikuwa 700. Kwa nini? Kwa sababu picha ya ukumbi uliojaa ndiyo inayopelekwa kwa mfadhili. Ukumbi wenye nafasi hauleti fedha.

Ilipofika saa 6 wazamiaji wakaanza kupenya kwa nyuma, palipokuwa na harufu ya pilau. Mratibu akaja mbio, jasho linamtoka. "Wewe," akaniambia, "mlango wa nyuma upigwe kufuli. Simama hapo. Asiingie mtu." Kufuli likapigwa. Ufunguo akapewa kijana mwingine. Nusu saa baadaye kijana huyo akatumwa kwa pikipiki kufuata barafu Kariakoo. Akaondoka na ufunguo mfukoni.

Mimi nikabaki nalinda mlango usiofunguka. Nilikuwa nimevaa fulana mpya na nilijiona mtu mkubwa kweli!

Saa 8 mchana, katikati ya hotuba, spika moja karibu na jukwaa ikatoa cheche na moshi. Moshi mdogo tu, ndugu yangu, kama wa mkaa mbichi. Lakini mtu mmoja akapiga kelele: "Moto!" Umeme ukakatika. Basi!

Waliokaa mbele wakakimbilia mlango mkubwa. Waliokaa nyuma wakanijia mimi. Sijapata kuona macho ya watu namna ile. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alibanwa ubavu kwenye mlango. Nilisukumwa mpaka nikashindwa kuinua mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa napiga kelele kwamba mlango umefungwa, lakini walioko safu ya kumi watasikiaje? Wao wanaona mlango. Wanaamini mlango ni mlango.

Aliyetuokoa ni fundi jukwaa. Alikuwa nje anavuta sigara. Alisikia kelele, akaja na nyundo, akalipiga kufuli mara nne au tano mpaka likaachia. Mlango ukafunguka na tukamwagika nje kama mchele. Mshkaji wangu aliyeniita alivunjika vidole viwili vya mkono wa kulia. Yule mama alizirai, akapepewa, akaamka. Hakufa mtu. Tukasema Mungu ni mkubwa.

Mshkaji alipewa shilingi 10,000 ya pole. Hakuwa na barua ya kazi, kwa hiyo hakuwa mfanyakazi, kwa hiyo hakuumia kazini. Ndivyo alivyoelezwa. Na kwenye taarifa waliyoibandika ofisini pao iliandikwa kwamba hafla ilifana sana.

Ilifana kwa nani?

Tusimsingizie Mungu

Ndugu msomaji, unaweza kusema hayo ni yangu na bahati yangu mbaya. Haya, tutoke kwangu.

Oktoba 1, 2008, siku ya Idi, watoto wa Tabora waliingia kwenye ukumbi wa disko kusherehekea. Walijazwa kupita kiasi. Watoto wapatao 20 walikufa. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu waligombania kukanyaga mafuta ya upako katika mkutano wa maombi uwanjani. Wakafa 20. Machi 21, 2021, Uwanja wa Uhuru hapa Dar es Salaam, watu walikwenda kumuaga Rais Magufuli. Polisi walitangaza kwamba waliokufa katika msongamano ni 45.

Mambo matatu tofauti: starehe, ibada na msiba. Kifo ni kile kile.

Na usidhani nia njema inakinga. Desemba 18, 2024, mjini Ibadan, Nigeria, iliandaliwa sherehe ya hisani ya watoto katika uwanja wa shule. Waliahidiwa zawadi. Watu wakafurika tangu alfajiri. Watoto 35 walikufa. Siku tatu baadaye, katika nchi hiyo hiyo, watu wengine walikufa wakigombania mchele na vyakula vya msaada, Abuja na Okija. Waliokuja kupewa chakula walirudishwa kwao wamefunikwa shuka.

Kila likitokea jambo kama hili utasikia: "Ni mapenzi ya Mungu." Mara utasikia: "Wananchi hawana nidhamu." Jamani! Mungu hapigi kufuli. Na mwananchi hajui mpango wa milango ya ukumbi ambao hakuujenga.

Wewe shabiki wa mpira unaijua habari ya Hillsborough. Aprili 15, 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uwanja ule wa Sheffield, Uingereza. Leo hesabu ya waliokufa ni 97. Mwanzoni polisi walisema kosa ni la mashabiki, eti walevi, eti wahuni. Familia hazikukubali. Zilipigana miaka 27. Mwaka 2016 baraza la wazee katika uchunguzi wa vifo likasema watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba tabia ya mashabiki haikuwa chanzo. Miaka 27! Uingereza kwenyewe ilichukua muda huo kukubali kwamba mtu wa kulaumiwa ni mwenye funguo, si mwenye tiketi.

Na hiki kisa cha kufuli si cha jana. Juni 16, 1883, katika mji wa Sunderland huko huko Uingereza, watoto walikwenda kwenye onyesho katika jumba la Victoria. Mwishoni ikatangazwa zawadi kwa wenye tiketi za namba fulani. Watoto wa ghorofani wakashuka mbio. Chini ya ngazi mlango ulikuwa umekazwa kwa komeo, ukaachwa upenyo wa kupita mtoto mmoja mmoja ili tiketi zikaguliwe. Walikufa watoto 183. Baada ya msiba huo ndipo Mwingereza mmoja akabuni ule mlango wenye chuma cha kusukuma kwa ndani, unaofunguka kwa kuegemea tu. Ukiuona kwenye ukumbi wowote leo, kumbuka kwamba umelipiwa na roho za watoto.

Sasa niambie. Mlango wa komeo kwa ajili ya kukagua tiketi mwaka 1883, na mlango wa kufuli kwa ajili ya wazamiaji mwaka 2023, vina tofauti gani? Miaka 140 imepita na bado tunafanya kosa lile lile.

Hii ni kazi, si fadhila

Wakubwa wanafikiri kuendesha shughuli ni kutafuta MC mwenye maneno mengi, kupamba meza kuu na kuagiza maua. Wanakosea. Kuendesha ukumbi ni hesabu.

Waingereza, baada ya misiba yao, wana mwongozo wa usalama viwanjani. Unahesabu kwamba kwenye njia tambarare, kila mita moja ya upana hupitisha watu wapatao 82 kwa dakika. Chukua ukumbi wetu ule. Watu 700. Mlango mkubwa una upana wa kama mita moja na nusu. Hapo wanatoka watu 123 kwa dakika, wakiwa wametulia. Kwa hiyo wote wanahitaji karibu dakika 6. Ukifungua mlango wa pili wenye upana huo huo, wanahitaji chini ya dakika 3. Moshi haungoji dakika 6. Hesabu hii ya darasa la saba ingeweza kufanywa na kijana yeyote kati yetu 14, lakini nani alituuliza?

Na ujue jambo hili. Katika msongamano watu wengi hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa wamesimama, kwa kukosa pumzi. Watu wakishafika watano au sita katika mita moja ya mraba, mtu hajiendeshi tena. Anapelekwa kama gogo mtoni. Kifua hakipati nafasi ya kupanuka. Mimi nilionja kidogo tu pale mlangoni, na sitaki kuonja tena.

Kwa hiyo mtu anayesimamia shughuli kwenye taasisi yenye akili anafanya nini? Anaanza kabla hata kadi hazijachapishwa. Anaukagua ukumbi na kuuliza una milango mingapi, inafunguka kwenda ndani au nje, na unabeba watu wangapi. Kadi zinafuata idadi hiyo, si tamaa ya picha. Anaandika kwenye karatasi nani yuko mlango gani na nani anashika ufunguo, na mwenye ufunguo haondoki hata akiitwa na waziri. Nyaya hazipiti njiani. Jenereta haikai karibu na jiko. Vizima moto vinajulikana vilipo na watu wawili watatu wanajua kuvitumia. Namba ya Zimamoto, 114, inajulikana kwa kila kijana. Kabla mgeni rasmi hajaketi, MC anawaonyesha watu milango ya kutokea. Kusema hivyo hakumalizi hata dakika moja.

Wazamiaji je? Wanazuiwa kwa mtu, si kwa kufuli. Weka vijana wawili pale nje ya mlango. Uzuie kuingia, usizuie kutoka. Hiyo ndiyo siri yote.

Sheria nazo hazikukosekana. Tuna sheria ya zimamoto na uokoaji tangu mwaka 2007. Tuna sheria ya ajira ya mwaka 2004 na sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha mfuko wa kumlipa anayeumia kazini. Lakini sheria haimwoni mtu asiye na karatasi. Ndiyo maana neno "kujitolea" ni tamu sana mdomoni mwa wakubwa. Ukijitolea, vidole vyako havina bei.

Sisemi kujitolea ni kubaya. Tumekua tukijitolea misibani na harusini bila kuambiwa. Lakini pale ambapo mpambaji amelipwa, mpishi amelipwa, MC amelipwa na ukumbi umelipiwa, kwa nini awe kijana wa mlangoni peke yake anayefanya kazi ya Mungu?

Wanaoweza wapo

Usije ukaambiwa kwamba sisi Waswahili hatuwezi. Pale Zanzibar, Busara Promotions, shirika lisilo la faida, limekuwa likiendesha tamasha la Sauti za Busara tangu Februari 2004. Makao ya tamasha ni Ngome Kongwe, jengo la zamani lenye kuta nene ambalo halikujengwa kwa ajili ya tamasha. Watu wanatoka pande zote za dunia. Tiketi ya mkazi ni nafuu kuliko ya mgeni, ili mwenye mji asigeuke mpita njia mjini kwake.

Linalonifurahisha zaidi ni jambo ambalo wengi wangeliona aibu. Fedha za kutosha zilipokosekana, walitangaza mapema kwamba tamasha la 2016 halitakuwapo. Halikuwapo kweli. Wakajipanga, likarudi 2017. Hiyo ndiyo heshima. Ukikosa fedha za kufanya jambo salama, huwabani watu kwenye nusu ukumbi na robo ya vyombo. Unasema: mwaka huu hatuwezi. Sisemi wao ni malaika. Nasema kusema "hatuwezi" ni sehemu ya kazi hii, na mratibu asiyeweza kulisema neno hilo mbele ya bosi wake hafai kupewa roho za watu.

Waulize hesabu

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, inayataka mashirika yaliyosajiliwa chini yake kuandaa kila mwaka taarifa ya shughuli zao na hesabu zilizokaguliwa, na taarifa hiyo ya shughuli iwe wazi kwa umma. Umma ni nani? Ni mimi na wewe. Hakuna palipoandikwa kwamba umma ni mfadhili peke yake.

Basi siku moja nenda ofisini kwao, kwa adabu, umevaa vizuri, umwombe dada wa mapokezi taarifa ya mwaka. Angalia fungu la hafla. Mapambo shilingi ngapi? Chakula cha meza kuu shilingi ngapi? Usalama wa watu shilingi ngapi? Ukikuta mapambo yameizidi huduma ya kwanza mara kumi, umeshajua thamani yako kwa watu hao. Na ukinyimwa taarifa yenyewe, umejua zaidi.

Najua kuna wenzangu watasema, "Mwandishi, gonga chama tawala hapo." Nitagonga panapostahili. Mikutano ya hadhara ya siasa ilipozuiwa mwaka 2016 mpaka katazo likaondolewa Januari 3, 2023, sisi wapinzani tulibaki na kumbi za ndani tu. Tulijua utamu wa ukumbi na uchungu wa kukosa ukumbi. Lakini je, tulijifunza kuuendesha? Na sisi tunajaza watu mpaka madirishani na kushangilia kwamba "nyomi" limefurika. Na sisi tuna vijana wa ulinzi wasio na barua. Nyani haoni kundule. Kama tunataka nchi iendeshwe vizuri, tuanze na ukumbi wa watu 200 katika tawi letu. Chama kisichojua nani ana ufunguo wa mlango wa nyuma kitakabidhiwaje funguo za Hazina?

Kijana, shika haya

Najua hali ni ngumu. Najua Jumamosi ikifika na mfuko mtupu, fulana na sahani ya pilau si vitu vya kudharau. Mimi mwenyewe nilivifuata. Siwezi kukwambia usiende. Nakwambia ukienda, nenda macho.

Kabla hujanyanyua kiti cha kwanza, uliza maswali manne. Jina langu limeandikwa wapi? Nikiumia nani atanipeleka hospitali? Ukumbi huu unabeba watu wangapi na kadi ziko ngapi? Na la mwisho, ufunguo wa mlango wa nyuma anao nani?

Usiulize kwa ugomvi. Uliza mkiwa wote 14, kwa sauti moja. Kijana mmoja akiuliza anaitwa mjeuri na anarudishwa nyumbani. Vijana 14 wakiuliza, na viti 400 bado viko kwenye lori, saa 10 alfajiri, na mgeni rasmi anakuja saa 4... hapo bosi atatafuta karatasi na kalamu mwenyewe. Atatafuta hata ya kukopa!

Na ukiambiwa simama mlangoni ulinde kufuli, kataa. Sema: nitalinda mlango, sitalinda kufuli. Mtu aliye ndani ni mama yako, ni dada yako, ni mtoto wa jirani aliyekuja kuomba ada ya shule. Siku moshi ukitoka hautauliza nani ana kadi na nani amezamia.

Mshkaji wangu vidole vyake vimepona, lakini kimoja hakikunji. Alikuwa fundi wa simu, kazi ya vidole. Sasa anauza vocha. Kila tunapokutana ananitania: "Mlinzi wa kufuli, hujambo?" Nacheka, lakini moyoni sicheki.

Jumamosi hii kutakuwa na hafla nyingine mahali fulani mjini. Kochi la mgeni rasmi litabebwa na zulia litatandikwa. Nawe huenda ukawa mmoja wa watakaolitandika. Kabla hujaweka kona ya zulia chini, inua kichwa, tazama nyuma ya ukumbi, uulize.